Bunju na Kamba Katika Tangi Moja: Uhakiki wa Filamu ya Finding Nemo

Utangulizi

Filamu ya katuni ya Finding Nemo ilitolewa na kampuni ya Pixar mwaka 2003 chini ya mwongozaji Andrew Stanton. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Hadithi yake inajulikana kwa wengi wetu. Samaki mdogo aitwaye Nemo ananaswa na mpiga mbizi ambaye kazi yake ni udaktari wa meno. Anapelekwa mjini Sydney, Australia, na kutiwa katika tangi la kioo ndani ya kliniki. Baba yake, Marlin, anavuka bahari kumtafuta akiwa na Dory, samaki msahaulifu. Mwishoni baba na mwana wanakutana.

Filamu hii huzungumzwa zaidi kwa dhamira ya malezi: baba mwenye hofu anajifunza kumwachia mtoto nafasi. Dhamira hiyo ipo na imejengwa vizuri. Makala haya yanaangalia sehemu ambayo mtazamaji huipita akicheka, yaani lile tangi la daktari wa meno. Swali langu ni hili: viumbe waliotiwa pamoja katika tangi lile wangeweza kweli kuishi pamoja, na wangeweza kuishi na matumbawe yaliyo hai?

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni swali la muuza samaki wa mapambo, si la mwanafunzi wa fasihi. Ninadai kwamba ni swali la uhakiki. Msanii anapochagua wahusika na kuwaweka katika mandhari moja, anatuambia jambo kuhusu kuishi pamoja. Tukitaka kujua anatuambia nini, lazima tujue wahusika hao ni nani kwa asili yao, kama vile hatuwezi kuhakiki tamthilia ya kifalme bila kujua mfalme na mtwana walitengwa na nini.

Somo la vipuri

Kwa sisi tunaoishi Gatsata, wazo la vitu kuchukuana halihitaji kitabu. Mtaa wetu unajulikana Kigali nzima kwa magereji na maduka ya vipuri. Mteja akifika na kusema anataka pampu ya maji, fundi hamkabidhi pampu yoyote iliyo karibu. Anamuuliza: "Bosi, gari gani? La mwaka gani? Injini gani?" Pampu inaweza kuwa mpya na nzuri, lakini ikiwa si ya injini ile itavujisha maji, na injini itaungua. Hakuna kipuri kizuri peke yake. Kuna kipuri kinachofaa gari fulani.

Wafugaji wa samaki wa baharini nao wana maneno yao ya kazi. Husema samaki fulani ni "salama kwa matumbawe", mwingine "ni wa tahadhari", na mwingine "si salama". Orodha za namna hii ziko katika vitabu na maduka yao kote duniani. Ili kuzielewa ni lazima kwanza kukumbuka kwamba tumbawe ni mnyama. Kile tunachokiona kama jiwe au tawi ni makazi ya viumbe wadogo laini wanaoitwa polipu, kila mmoja akiwa na mdomo na mikono midogo ya kukamatia chakula. Ndani ya mwili wa polipu wengi huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mnyama huyu hawezi kukimbia. Akidonolewa, hujikunja tu, na akidonolewa kila siku hufa.

Hivyo samaki huhesabiwa kuwa si salama kwa sababu nne hivi. Ya kwanza ni kwamba anakula polipu wenyewe. Ya pili ni kwamba hali matumbawe, lakini anakula majirani zake: kamba, kaa, konokono na chaza wanaofugwa pamoja nayo. Ya tatu ni kwamba kwa ukubwa au tabia yake anapindua mawe na kuvunja matawi. Ya nne inasahaulika zaidi: samaki wengi mno, au wakubwa mno, huchafua maji kwa kinyesi chao. Maji yakijaa nitrati na fosfati, mwani hustawi na kuyafunika matumbawe. Kwa sababu hiyo ya nne, hata samaki mpole akizidi idadi huwa si salama.

Wahusika wa tangi

Sasa tumtazame kila mkazi wa tangi la Sydney kwa macho ya fundi anayeuliza maswali yake.

Nemo ni wa jamii ya samaki wanaoishi ndani ya anemoni. Hula vijidudu vinavyoelea majini na hadonoi matumbawe. Huyu ni salama. Gurgle, mwenye rangi ya zambarau upande wa kichwa na njano upande wa mkia, anatoka bahari ya Karibiani, na naye ni salama. Bubbles, wa rangi ya manjano, ni wa jamii ya kangaja. Hula mwani, hivyo hata husaidia kusafisha mawe, mradi tangi liwe kubwa. Deb, mwenye milia myeusi na myeupe, ni wa jamii ya damseli. Matumbawe hayamwogopi, ila samaki wenzake wana sababu ya kumwogopa, kwa kuwa jamii hii ni ya wagomvi wanaolinda eneo lao. Katika filamu Deb anaiona sura yake kwenye kioo akadhani ni dada yake, naye anampenda. Damseli wa kweli akiiona sura ile angeihesabu kuwa ni mvamizi, na angeishambulia.

Gill, kiongozi wa kundi, ni samaki mwembamba mwenye pezi refu la mgongoni ambaye wanasayansi humwita Zanclus cornutus. Anapatikana pia katika bahari yetu ya Afrika Mashariki. Hula sifongo na viumbe wengine waliojishika kwenye miamba, na anaweza kudonoa matumbawe. Zaidi ya hayo, anajulikana kwa kukataa chakula akiwa kifungoni, na wengi wa jamii yake hufa kwa njaa mbele ya chakula. Kwa bahati au kwa makusudi, hapa filamu imepatia: Gill ndiye anayetaka kutoroka kuliko wote, na asili yake kweli haikubali tangi.

Anabaki Bloat, ambaye ni bunju. Bunju ana meno yaliyoungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kazi ya mdomo huo ni kuvunja magamba. Chakula chake ni konokono, kaa, kamba na wengine wa namna hiyo. Katika tangi hilohilo anaishi Jacques, ambaye ni kamba msafishaji, na Peach, ambaye ni kiti cha pweza aliyejibandika kwenye kioo. Kwa maneno mengine, daktari wa meno amemweka mlaji na chakula chake katika chumba kimoja, na filamu inatuonyesha wakiwa marafiki wanaoshauriana.

Mtetezi wa filamu anaweza kujibu kwamba baharini kamba msafishaji huachwa hata na samaki wakali, kwa kuwa huwaondolea wadudu mwilini. Ni kweli. Lakini baharini bunju ana mwamba mzima wa kutafuta chakula, na kamba ana mashimo ya kujifichia. Katika tangi mapatano hayo hayana uhakika, na wafugaji wenye uzoefu huwa hawayategemei.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni maji yenyewe. Mpango wa Gill wa kutoroka ni kuziba chujio kwa kokoto ili tangi lichafuke na daktari alazimike kuwatoa wote. Mpango unafanikiwa kwa muda, maji yanageuka kijani, na hakuna anayeugua. Katika tangi la kweli, chujio likisimama amonia inayotoka katika kinyesi huongezeka, na amonia huwaua samaki kabla ya kijani kumchukiza mwenye tangi. Na kama kungekuwa na matumbawe, huenda ndiyo yangeumia kwanza.

Papa anabaki papa

Je, haki yetu ni ipi tunapoihesabia filamu makosa ya namna hii? Samaki hawasemi, wala hawapangi njama. Tukikubali kwamba wanasema Kiingereza, kwa nini tusikubali kwamba bunju anampenda kamba? Pingamizi hili lina nguvu, na uhakiki wa kuhesabu makosa tu ni uhakiki dhaifu. Lazima tuonyeshe kwamba kosa linaathiri maana.

Tuanze na ngano zetu. Katika ngano za Kinyarwanda Bakame, yaani sungura, anasema, anadanganya na anafanya biashara. Warupyisi, yaani fisi, naye anasema. Lakini fisi hajawahi kuacha njaa yake. Ulafi wa fisi ndio injini ya ngano nzima: kwa sababu ana njaa anadanganywa, na kwa sababu anadanganywa tunacheka na kujifunza. Sungura na Fisi katika ngano za Kiswahili wako vivyo hivyo. Fanani huwapa wanyama lugha, lakini hawanyang'anyi asili zao. Akiwanyang'anya, hadithi haina pa kuanzia.

Filamu yenyewe inaijua kanuni hiyo. Njiani Marlin na Dory wanakutana na papa watatu walioapa kutokula samaki. Wanakutana kama kikundi cha watu wanaoacha pombe, na kiongozi wao, Bruce, anakariri kiapo kwa dhati. Kisha tone la damu ya Dory linaenea majini. Mara moja kiapo kinasahaulika na Bruce anawafukuza ili awale. Tukio hilo ni mojawapo ya matukio bora ya filamu, kwa kuwa linachekesha na kutisha kwa sababu moja: asili haiondolewi kwa maneno mazuri.

Hapa ndipo ninapoona ufa katika kazi hii. Baharini, asili ya mlaji inashinda kiapo. Ndani ya tangi, asili ya mlaji haijatajwa hata mara moja, wala hakuna kiapo kilichohitajika. Kwa nini papa asiweze kujizuia na bunju asiwe na haja ya kujizuia? Jibu langu ni kwamba waandishi walihitaji tangi liwe gereza, na katika hadithi ya gereza wafungwa lazima wawe kitu kimoja dhidi ya mlinzi. Uovu wote umewekwa nje ya kioo: kwa daktari, kwa chujio jipya linalosafisha maji lenyewe, na kwa Darla, mpwa wa daktari, ambaye aliwahi kumuua samaki kwa kuutikisa mfuko. Ndani ya kioo kuna upendo tu.

Matokeo yake ni kwamba filamu ina ujumbe miwili kuhusu tangi. Ujumbe wa wazi unasema kufungwa ni kubaya, na samaki wanastahili bahari. Ujumbe wa chinichini unasema ukiwachanganya samaki wowote wa rangi nzuri katika maji mamoja watakuwa familia. Mtazamaji anayeukataa ule wa kwanza na kwenda dukani kununua samaki, huenda akiwa na ule wa pili kichwani. Atachagua kwa rangi, na hatauliza swali la fundi.

Nisizidishe. Imesemwa mara nyingi kwamba filamu hizi zilisababisha wimbi kubwa la watu kununua samaki. Watafiti waliochunguza filamu ya pili, Finding Dory ya mwaka 2016, walikuta kwamba watu waliongeza kumtafuta samaki huyo kwenye intaneti, lakini hawakuona ongezeko la uagizaji linaloweza kuhusishwa na filamu. Kwa hiyo silaumu filamu kwa maduka yaliyojaa. Ninailaumu kwa kitu kilicho ndani ya mamlaka yake, yaani picha ya kuishi pamoja inayotupatia.

Tumbawe: mandhari au mhusika?

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inatuhusu na sisi wa Kiswahili. Filamu inaanzia kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia. Rangi zake zimechorwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini katika filamu nzima tumbawe halisemi, haliogopi, halili wala haliliwi. Samaki, kasa, pelikani na hata kamba ni wahusika. Tumbawe ni mandhari. Na ndani ya tangi la daktari limetoweka kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na mlima wa volkano wa bandia na sanduku la hazina.

Ukimfanya mnyama kuwa mandhari, huna sababu ya kuuliza nani anamla. Kumbe wapo. Katika jamii ya kitatange, wale samaki wembamba kama sahani wenye rangi za kuvutia, kuna aina ambazo karibu hazili kitu kingine ila nyama ya matumbawe hai. Ukimtia mmoja wao katika tangi lenye matumbawe, atayamaliza. Ukimtia katika tangi lisilo nayo, atakufa njaa. Samaki huyu hana tangi linalomfaa katika nyumba ya mtu, na uzuri wake ndio mtego. Filamu ambayo ingempa tumbawe sauti ingelazimika kumwonyesha kitatange kama fisi wa mwambao, na ingekuwa filamu tofauti.

Lakini kabla ya kuwanyooshea kidole watu wa Pixar, tutazame lugha yetu. Pwani ya Waswahili imejengwa kwa mawe ya matumbawe: Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, magofu ya Kilwa. Mafundi walichonga hata mihrabu za misikiti kutoka matumbawe laini yaliyotolewa baharini. Neno tumbawe kwa hiyo linabeba maana ya jiwe la kujengea, na neno marijani linabeba maana ya kito cha kuvaa. Jiwe na kito vyote ni vitu vilivyokufa. Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza maneno haya darasani anaweza kumaliza shahada akiwa hajaambiwa kwamba tumbawe lina mdomo. Kama filamu imeligeuza mandhari, kamusi nazo zilikuwa zimeligeuza ukuta.

Salama kwa nani?

Sasa turudi kwenye neno "salama", maana nalo linahitaji kuhakikiwa. Orodha za wafugaji huliandika kana kwamba ni sifa ya samaki, kama rangi au urefu. Mfano kutoka pwani ya Kenya unaonyesha kwamba sivyo.

Kikande ni samaki mwenye taya zenye nguvu. Katika orodha nyingi za tangi la matumbawe aina nyingi za kikande zimewekwa upande wa hatari, kwa kuwa huvunja kaa na konokono, husogeza mawe, na baadhi huuma matumbawe. Katika tangi hukumu hiyo ni ya haki. Lakini utafiti wa miaka mingi katika miamba ya Kenya umeonyesha habari nyingine. Kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, Balistapus undulatus, ni mlaji mkuu wa yule mnyama wa duara mwenye miiba, ambaye hapa nitamwita nungunungu wa bahari. Nungunungu wa bahari huguguna mwamba. Wakiwa wachache hawana shida, lakini wakizidi wanaula mwamba kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Mahali ambapo wavuvi wamewamaliza kikande, nungunungu hao wamejaa. Katika hifadhi kama zile za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kikande wapo na nungunungu ni wachache.

Samaki yuleyule, basi, ni adui wa matumbawe ndani ya kioo na mlinzi wao baharini. Pono naye yuko hivyo. Huguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu na kutoa mchanga, na kwa kufanya hivyo anafyeka mwani ambao ungeyasonga matumbawe machanga. Hakuna mtu mwenye busara anayemtia katika tangi la nyumbani, na hakuna mwamba mzuri usio naye. Neno "salama" bila kutaja mahali ni kama "kipuri kizuri" bila kutaja gari.

Kuna upande wa pili wa neno hilo. Dory ni wa jamii ya kangaja, na jina lake la kisayansi ni Paracanthurus hepatus. Hadonoi matumbawe, na orodha humwita salama. Lakini hukua hadi kufikia karibu sentimita 30, na ni mwogeleaji asiyetulia. Tangi dogo ambamo matumbawe yako salama mbele yake, lenyewe si salama kwake. Orodha inauliza samaki atalifanyia nini tumbawe. Haiulizi tangi litamfanyia nini samaki.

Upande wa tatu uko mbali zaidi na macho ya mnunuzi. Samaki wa anemoni kama Nemo huzalishwa kwa urahisi katika matangi, na mnunuzi anaweza kumpata ambaye hakuwahi kuona bahari. Wengi wa samaki wengine wa mapambo bado huvuliwa baharini. Samaki wa aina ya Dory alizalishwa na kukuzwa kwa mara ya kwanza katika maabara Florida mwaka 2016 tu. Katika nchi kama Ufilipino na Indonesia, baadhi ya wavuvi wamekuwa wakitumia sianidi kuwalewesha samaki ili wawakamate wakiwa hai, na sumu hiyo huua matumbawe yaliyo karibu. Samaki mpole kabisa, asiyewahi kugusa polipu, anaweza kufika dukani akiwa ameacha nyuma kipande cha mwamba kilichokufa. Je, huyo ni salama kwa matumbawe? Kwa matumbawe ya mnunuzi, ndiyo. Kwa yale ya baharini, hapana. Kenya, jirani yetu, nayo huuza nje samaki hai wa mapambo kutoka pwani yake, hivyo swali la namna ya kuvua si la bara la mbali pekee.

Hili linatuhusu nini Gatsata?

Kutoka Gatsata hadi bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini maji hayafuati mipaka ya masomo yetu. Mto Nyabugogo unaopita chini ya mtaa wetu unatoka Ziwa Muhazi, unaingia Nyabarongo, na Nyabarongo unakwenda kuwa Akagera, unaomwaga katika Ziwa Viktoria. Ziwa hilo ni mfano mkubwa wa kuchagua samaki bila kuuliza maswali ya fundi. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa humo ili kuongeza mavuno. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Sangara alistawi, viwanda vya minofu vikajengwa, na aina nyingi za furu zikatoweka. Aliyemchagua sangara aliuliza kama atakua. Hakuuliza atakula nini akishakua.

Jambo la pili linatuhusu kama watu wa lugha. Hapa Kigali filamu nyingi hutazamwa kwa njia ya agasobanuye, ambapo msimulizi huzungumza juu ya picha na kutueleza mambo kwa Kinyarwanda. Ni sanaa inayostahili makala yake yenyewe. Lakini msimulizi wa filamu kama hii ana tatizo la kweli: Kinyarwanda ni lugha ya milima na maziwa, na kwa samaki wa baharini neno lililo karibu ni ifi tu. Bunju ni ifi, kangaja ni ifi, papa ni ifi. Akisema hivyo, ufa nilioueleza hapo juu hauwezi kuonekana, kwa kuwa mlaji na mliwaji wamepewa jina moja.

Kiswahili kina majina hayo. Kiliyapata kwa wavuvi waliohitaji kujua yupi ana sumu, yupi analiwa na yupi anavunja dema. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na mara nyingi faida yake huelezwa kwa biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Faida hiyo sikatai. Ninaongeza nyingine: lugha hii inatupatia sisi wa bara majina ya kuitofautishia bahari. Tukijifunza Kiswahili na bado tukaandika "samaki wa rangi" kila mahali, tumechukua lugha tukaacha alichokuwa anakijua mvuvi. Mwalimu wa fasihi anayetumia filamu hii darasani anaweza kuanza na zoezi dogo: wanafunzi wawape wakazi wa tangi majina yao ya Kiswahili, kisha waulize kila mmoja anakula nini. Mjadala utajianzisha wenyewe.

Hitimisho

Finding Nemo ni kazi nzuri, na uhakiki huu haukusudii kumzuia mtu kuitazama. Ustadi wake uko katika kumpa kila samaki tabia inayokumbukwa, na katika tukio la papa imeonyesha kwamba inafahamu nguvu ya asili. Udhaifu wake ni kwamba ufahamu huo umeishia mlangoni pa tangi. Ndani ya kioo imetuonyesha jamii isiyo na mgongano wa mahitaji, na matumbawe, wanyama ambao bahari hiyo yote inasimama juu yao, yamebaki kuwa pambo la nyuma.

Somo ambalo filamu ingeweza kulitoa, na ambalo orodha za wafugaji zinalitoa nusu tu, ni kwamba usalama ni uhusiano. Samaki ni salama kwa fulani, mahali fulani, kwa idadi fulani, na kwa njia fulani ya kupatikana. Hakiki zetu nazo zifuate kanuni hiyo. Tunapowakuta wahusika wamewekwa pamoja na kuambiwa wanapendana, iwe ni katika tangi, katika kijiji cha riwaya au katika hotuba, tumuulize mtunzi kila mmoja wao anakula nini, na ni nani asiyeweza kukimbia.